Chupa Tatu na Sahihi Moja

 

Leo nitaanza na habari ya nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo alikuwa na kiwanja cha ari sita upande wa kaskazini wa mji wetu wa Bujumbura, urithi wa babu. Mwaka ule binti yake alikuwa anaingia chuo kikuu na pesa zilitakiwa upesi, basi akaamua kuuza ari mbili. Mbili tu. Alituambia nyumbani sote, akarudia, na mama mdogo akasema sawa. Dalali, yule tunayemwita hapa mjini komisioneri, akamletea mnunuzi, mtu wa sauti ya chini na maneno laini. Mnunuzi akasema: mzee, mambo ya heshima hayasemewi barabarani, twende tukakae. Wakaenda wakakaa. Ilikuwa kabare ya kawaida, baa ya mtaani: viti vya plastiki, mishikaki, ndizi za kuchoma, bia ya Primus, chupa kubwa ya sentilita 72. Waliketi saa kumi alasiri. Ilipofika saa moja usiku baba mdogo alikuwa ametia sahihi karatasi ya kuuza ari zote sita.

Hasara ile ilituuma, na inatuuma bado. Lakini kilichonikaa moyoni miaka yote hii ni jambo jingine. Baba mdogo hakulewa. Chupa tatu, pamoja na nyama, kwa mtu wa umbo lake, hazikumwangusha. Alirudi kwa miguu yake, akafungua mlango kwa ufunguo wake, akatusalimia mmoja mmoja kwa jina. Kesho yake aliweza kutusimulia kila lililosemwa mezani, nani alilisema na baada ya nani. Nikamuuliza, baba, sasa ilikuwaje? Akanijibu: "Mwanangu, akili zangu nilikuwa nazo. Ila kila walilosema lilikuwa linaingia tu."

Lilikuwa linaingia tu. Nimetafuta kwa muda mrefu maana ya maneno hayo, na ndiyo ninayotaka tuyazungumze leo.

Sisi tumezoea kugawa watu mafungu mawili. Kuna mlevi, anayeyumba na kutukana, naye tunajua kwamba neno lake halishikiki. Na kuna mzima. Katikati ya hao wawili kuna nchi pana ambayo hatujaipa jina, na humo ndimo maamuzi mengi ya mji huu yanamofanyika: mtu anatembea vizuri, anahesabu faranga zake vizuri, anakumbuka, lakini yule mlinzi wa ndani anayeuliza "kwa nini?" na "je, kama sivyo?" ameondoka mlangoni. Neno la mwenzake linapita bila kukaguliwa.

Mwaka 1990 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Claude Steele na Robert Josephs, walieleza jinsi kileo kinavyofanya kazi hiyo. Walisema kileo kinapunguza upana wa macho ya akili. Mtu aliyekunywa anaona kilicho karibu na kinachong'aa. Kilicho mbali kinafifia. Tuirudie meza ya baba mdogo. Kilichokuwa karibu ni noti mezani, uso wa mnunuzi anayetabasamu, mkono begani, neno "mzee wetu". Kilichokuwa mbali ni binti wa chuo, mama mdogo nyumbani, babu kaburini, na ari nne ambazo hazikuwa za kuuzwa. Hakuvisahau vitu hivyo. Ungemwuliza angekutajia vyote. Havikuwa tu na uzito tena pale pale alipovihitaji.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walitangaza kwamba watu waliopewa kileo waliitikia maelekezo ya hipnosi kuliko wenzao waliopewa kinywaji kisicho na kileo. Hipnosi, kwa wasioijua, ni ile hali ya kutulizwa kwa maneno hadi mtu anaambiwa mkono wako unakuwa mzito, naye anausikia kweli unakuwa mzito. Na si pombe peke yake. Miaka miwili baadaye watafiti wa London walieleza jinsi watu kumi wenye afya njema walivyopewa dawa iitwayo LSD, dawa inayobadilisha mtu anavyoona na kusikia, kisha wakaombwa wafikirie mambo madogo: wanakula chungwa, jua linawapiga mkononi. Chini ya dawa ile mambo hayo ya maneno, kwa jumla, yalikuwa dhahiri zaidi kwao kuliko siku walizopewa maji ya chumvi bila wao kujulishwa kilichomo. Watu kumi ni wachache, nakubali. Lakini dawa ile na bia hazifanani hata kidogo mwilini, na zote mbili zimelegeza komeo la mlango uleule.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo nami nilipobadilisha mawazo.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa New Zealand, Seema Assefi na Maryanne Garry, waliwaita wanafunzi 148 wa chuo kikuu. Waliandaa chumba kama baa, na chupa za vodka zikionekana. Nusu ya wanafunzi wakaambiwa: ninyi mnakunywa vodka iliyochanganywa na toniki. Nusu nyingine wakaambiwa: ninyi ni toniki tupu. Ukweli ni kwamba wote 148 walikunywa toniki tupu. Hakuna aliyeonja hata tone la kileo. Kisha wakaonyeshwa picha za wizi, na baadaye wakapewa maelezo ya kusoma yenye uongo mdogo uliochomekwa ndani yake. Mwisho wakaulizwa: mliona nini kwenye zile picha?

Wale walioamini kwamba wamekunywa vodka waliumeza uongo ule kuliko wenzao. Na tena walikuwa na uhakika zaidi na majibu yao yasiyo sahihi. Walipoambiwa ukweli baadaye, wengi walishangaa, wakashikilia kwamba walijisikia wamelewa kabisa.

Ndugu msikilizaji, chukua dakika moja ulitafakari hilo. Jina la pombe peke yake, bila pombe, lilitosha kumfungulia mlango mtu mwingine. Kwa nini? Naona ni kwa sababu kila mmoja wetu amefundishwa tangu utotoni kwamba aliyekunywa amepewa likizo ya kujichunga. Tumeliona kwa wajomba, kwa majirani, kwenye arusi na matanga. Mtu anaposhika glasi anavaa pia ile likizo. Anasema moyoni, leo nimepumzika, wafikirie wengine. Na pale mezani daima yupo aliye tayari kufikiri kwa niaba yako.

Ndiyo maana siku hizi naamini kwamba baba mdogo alianza kupoteza ari zake nne kabla ya kifuniko cha chupa ya kwanza kufunguliwa. Alianza pale aliposikia "twende tukakae". Kiti chenyewe kilikuwa na nguvu. Hapa Burundi bia ni lugha ya undugu. Babu zetu walikaa kuzunguka mtungi mmoja wa impeke, kila mmoja na mrija wake, umuheha wake, na mwenye nyumba alionja kwanza ili wageni wajue kwamba hakuna sumu. Hata leo kwenye kabare mhudumu anakufungulia chupa mbele ya macho yako. Tumekuwa waangalifu sana na kinachoweza kutiwa ndani ya chupa. Maneno yanayokuja pamoja nayo hatuyaombi yaonjwe kwanza.

Lakini nisiwaonee wazee. Waliijua hatari hii, na waliiwekea mipaka kwa namna ambayo ningependa vijana waisikie. Umushingantahe, yule mzee mwenye fimbo ya intahe aliyekata mashauri ya kijiji, alitazamwa kwa miaka kabla ya kupewa heshima hiyo, na mojawapo ya mambo yaliyotazamwa ni kiasi chake katika kinywaji. Anayejulikana kwa ulevi hakupewa fimbo. Shauri lilipoletwa, bashingantahe, yaani wazee hao, walisikiliza pande zote, wakajitenga kando kushauriana, wakarudi kutamka. Baada ya hapo ndipo ulipokuja mtungi, agatutu k'abagabo, pombe ya wanaume waliokata shauri, nao waliokuwa wakigombana wakanywa pamoja na mashahidi. Angalieni mpangilio huo. Neno kwanza, mtungi baadaye. Pombe ilikuja kutia muhuri jambo lililokwisha kuamuliwa na watu wakavu.

Tunajua pia kilichotokea. Kidogo kidogo agatutu ikaanza kutangulia. Mtu akadaiwa kreti ya bia kabla hajasikilizwa. Na kwenye ardhi, jambo linalojaza mahakama zetu kuliko mengine, chupa imehama kabisa kutoka mwisho wa mazungumzo hadi mwanzo wake. Naona huo ndio wizi mkubwa tuliofanyiwa, na tumejifanyia wenyewe. Desturi imebaki na sura yake, watu wale wale, mashahidi wale wale, kinywaji kile kile, lakini imegeuzwa kichwa chini, na kazi yake imegeuka pamoja nayo.

Sasa tutazame ng'ambo ya ziwa, ambako neno na kilevi viliwahi kwenda pamoja hadi vitani. Mlio kando ya ziwa jioni hii mnaiona milima ya Kongo ikiwa nyeusi, na chini yake taa za Uvira. Mwaka 1964 mji huu wa Bujumbura ulikuwa mahali ambapo Gaston Soumialot alipanga uasi wa mashariki ya Kongo, na mwezi Mei mwaka huo Uvira ikaanguka mikononi mwa waasi. Wapiganaji wale wakajulikana kama Simba. Wengi walikuwa vijana wadogo, wenye mikuki na mapanga, wakikabili jeshi lenye bunduki. Waliendaje mbele?

Walipewa dawa. Mganga aliwanyunyizia maji na majani, akawachora alama, akawaambia kwamba risasi zitageuka maji. Bangi nayo ilivutwa, tena sana. Ernesto Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma mwaka 1965 kuja kupigana upande wao, aliandika habari za dawa hiyo. Ilikuwa na masharti: usichukue kitu kisicho chako, usimguse mwanamke, usiogope. Aliyepigwa risasi, basi alikuwa amevunja sharti mojawapo. Kwa hiyo dawa haikuweza kushindwa kamwe. Aliyekufa alikuwa na kosa lake.

Mtu anaweza kusema, bangi ndiyo iliyowapa ujinga ule. Nami nasema subiri. Katika miji mingi askari wa serikali walikimbia kabla hata ya vita kuanza, wakatupa bunduki zao, kwa sababu nao waliamini kwamba dawa ya Simba inafanya kazi. Askari hao hawakunyunyiziwa maji, na mganga hakuwachora. Waliambiwa tu, na woga ukafanya kazi iliyobaki. Basi bangi ilikuwa kuni juu ya moto. Moto wenyewe ulikuwa neno, lililosemwa na mtu mwenye cheo, kwa watu wenye njaa ya kuliamini. Nawafikiria vijana wale mara nyingi ninapoona siku hizi kreti zinashushwa mahali vijana wasio na kazi wamekusanywa, na baada ya saa moja mtu anasimama kuzungumza. Simlaumu kijana kwa kiu yake. Namuuliza aliyeleta kreti: maneno yako yangeweza kusimama bila hiyo?

Kuna sura nyingine ya jambo hili, nayo naizungumza kwa uchungu, kwa sababu ina nyuso ninazozijua. Lakini nianzie mbali, kabla ya kuzifikia nyuso hizo.

Mwaka 1916 daktari mmoja wa Texas, Robert House, alikuwa anamzalisha mama kwa kumpa skopolamini, dawa inayopatikana katika mimea ya jamii ya mnanaha. Mtoto akazaliwa, mizani ya kumpimia ikatafutwa, baba akazunguka nyumba nzima asiione. Mama, akiwa katika usingizi wa dawa, akasema: iko jikoni, kwenye msumari, nyuma ya picha. Na kweli ilikuwa hapo. House akaamini amepata dawa ya kumtoa mtu ukweli, na mwaka 1922 akaijaribu kwa wafungwa wawili huko Dallas. Magazeti yakaipa jina la dawa ya ukweli. Kisha shirika la ujasusi la Marekani, CIA, likatumia miaka mingi, kuanzia 1953, katika mpango wake wa siri ulioitwa MK-ULTRA, likiwapa watu LSD na dawa nyingine, wengine bila kujua, likitafuta namna ya kuziongoza akili zao. Dawa ya ukweli haikupatikana. Mtu aliye chini ya dawa husema sana, hilo ni kweli. Husema aliyoyaona, aliyoyaota, na aliyoyasikia kutoka kinywani mwa anayemhoji, na yeye mwenyewe hajui tena lipi ni lipi.

Mwaka 1954, kijana wa miaka 19 wa Chicago, mraibu wa heroini, alikamatwa akiwa katika arosto, yale mateso ya kuikosa dawa aliyoizoea. Akachomwa sindano yenye skopolamini ndani yake, akaungama mauaji. Kesi yake ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1963 mahakama hiyo ikasema kwamba ungamo lililotokana na dawa ya namna hiyo haliwezi kupokelewa kama ushahidi.

Nimeisimulia kesi hiyo kwa sababu ya vijana wetu wa boost. Mnajua ninachosema. Boost ni heroini, imeingia mjini hapa, na mnawaona vijana wamejikunja kando ya ukuta, wamefunikwa makoti wakati jua linawaka. Tunasema juu yao kwamba boost inawafanya waongo. Lakini mtazame kijana anapoikosa. Arosto inamshika: jasho, maumivu ya mifupa, tumbo, usingizi umekimbia. Jirani amepoteza simu. Kijana anaitwa, anazungukwa, anaulizwa: "Uliiuza wapi?" Angalieni swali hilo. Halimuulizi kama ameiba. Jibu limekwisha kuwekwa ndani ya swali, linangoja tu kutoka mdomoni mwake. Naye anajua kwamba akisema "nimeiuza sokoni" ataachiwa aende kutafuta dozi. Nimemwona mmoja akiungama simu ambayo jioni ile ile ilipatikana chini ya godoro la mwenyewe. Alikuwa amekwisha kupigwa.

Gisli Gudjonsson, mtaalamu aliyezaliwa Iceland na kufanya kazi London, alitengeneza mwaka 1984 kipimo cha jambo hili. Mtu anasomewa hadithi fupi, anaulizwa maswali, mengine yakiwa yameficha jibu la uongo. Kisha anaambiwa kwa ukali kidogo: umekosea, tuanze upya. Wanahesabu mara ngapi alilifuata swali, na mara ngapi alibadilisha jibu lake kwa kukaripiwa tu. Siyo jambo la watu wajinga peke yao. Mchovu, mwenye woga, aliyekosa usingizi, wote wanaweza kuinama. Sasa mwongeze maumivu ya kukosa alichozoea. Basi wazazi, wakuu wa mitaa, na ninyi mnaoshika kalamu za kuandika maelezo ya watu: kijana wa arosto mpeni maji, mpeni muda, mpelekeni kwa mganga wa hospitali, na mkimuuliza, muulizeni "ilikuwaje?" na mnyamaze amalize.

Mlango huohuo ulio wazi kwa mdanganyifu uko wazi pia kwa mwenye nia njema. Ndiyo maana wapo madaktari wanaochunguza kama dawa za namna ya LSD, chini ya uangalizi mkali, zinaweza kumsaidia mtu aliyezama katika huzuni kulipokea neno la kumponya. Sitaki mtu aondoke hapa akidhani namhubiria kutupa chupa yake. Nazungumzia anayekaa upande wa pili wa meza, na kile alichokuja kukitafuta.

Baba mdogo hakushinda kesi. Sheria ya mikataba tuliyoirithi tangu enzi za Wabelgiji inamsikiliza aliyekosea, aliyetishwa na aliyelaghaiwa, lakini ulaghai unatakiwa uthibitishwe, na mashahidi wote wa siku ile walikuwa wamekunywa bia za mnunuzi. Pale palipokuwa na kiwanja pana ghorofa sasa. Binti alisoma, kwa msaada wa ndugu.

Mwaka jana kaka yangu, mtoto wa kwanza wa baba mdogo, alikuwa ananunua pikipiki kwa mtu wa Kanyosha. Muuzaji akapendekeza wakutane kwenye kabare, jioni. Baba mdogo akasema hapana, waje nyumbani, saa tatu asubuhi. Wakaja. Mama mdogo akaleta chai ya tangawizi na maandazi. Baba mdogo, ambaye macho yake sasa hayaoni vizuri, akamwomba muuzaji aisome karatasi kwa sauti. Akaisoma. Akamwomba mwanawe naye aisome. Akaisoma. Kisha akaniita mimi, niliyekuwa nimekaa mlangoni, akasema: na wewe unayesoma redioni, soma. Nikaisoma, pole pole, hadi tarehe. Wakatia sahihi. Ndipo baba mdogo alipotoa faranga mfukoni, akamtuma mtoto akalete Primus moja kwa ajili ya mgeni.